Viza zimefutwa, Bologonja bado kufuli

Kusini kabisa mwa hifadhi ya Maasai Mara, mahali ambapo nyasi za upande huu ni zilezile za upande wa pili, kuna nguzo fupi ya mpaka. Madereva wa watalii hupenda kusimama hapo. Mgeni hushuka, huweka mguu mmoja Kenya na mwingine Tanzania, hupigwa picha, kisha huambiwa apande gari. Mbele yake ni Serengeti, na hapana ukuta wala uzio. Hata hivyo akitaka kulala huko, itambidi ageuze, atoke Mara, azunguke hadi kituo cha mpaka cha Sirari upande wa magharibi au Namanga upande wa mashariki, agongewe mihuri, ndipo aanze safari ya kurudi kulekule alikokuwa akikutazama kwa macho.

Utani wa kwamba nyumbu huvuka bila pasipoti umesemwa hadi umechakaa. Kisichosemwa sana ni kwamba binadamu naye aliwahi kuvuka hapo, tena kwa gari. Palikuwa na lango: Kenya waliliita Sand River, Tanzania wakaliita Bologonja. Lilifungwa Februari 1977. Februari 2027 kufuli hilo litatimiza nusu karne.

Kumbukumbu hiyo inakuja wakati maneno "bila viza" yamo midomoni mwa kila kiongozi. Oktoba 2023, akiwa Brazzaville, Rais William Ruto aliahidi kwamba Mwafrika hatahitaji viza kuingia Kenya. Siku chache baadaye Rais Paul Kagame akatangaza la kwake Kigali: Waafrika wote waingie Rwanda bila viza. Sikukuu ya Jamhuri ya mwaka huohuo ilipofika, Ruto akaongeza: kuanzia Januari 2024 viza ya Kenya ingefutwa kwa dunia nzima. Makofi yakapigwa. Msomaji mwenye umri wa kutosha, aliyewahi kupanga foleni Namanga, huenda aliyasikia makofi hayo akiwa na mashaka kidogo.

Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, mstari ulionyooka kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, ukapinda kuupisha Mlima Kilimanjaro. Wadigo, Wamasai na Wakuria hawakuulizwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zikawa chini ya Mwingereza, na mstari ukapungua makali. Shilingi ilikuwa moja hadi mwaka 1966. Reli, posta na bandari zilikuwa za pamoja. Shirika la ndege la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, lilibeba abiria wa nchi zote tatu, Uganda ikiwemo, hadi likafikia kumiliki ndege kubwa za Super VC10. Mwaka 1967 mapatano yakatiwa saini Kampala, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikawekwa makao yake Arusha.

Kwa mtalii huo ulikuwa wakati wa raha. Alitua Nairobi, akapanda gari la kampuni ya Nairobi, akalala Keekorok ndani ya Mara, kesho yake akapita Bologonja, akafika Lobo kwenye hoteli iliyojengwa katikati ya majabali, kisha Seronera, Ngorongoro na Ziwa Manyara, akarudi Nairobi kupitia Namanga. Safari moja, nchi mbili, na dereva wake hakubadilika.

Kilichomfurahisha mtalii kiliwakera wakuu wa Dar es Salaam. Wanyama walikuwa wa Tanzania, barabara za vumbi zilichimbwa na magurudumu ya magari ya Kenya, lakini tiketi ya ndege, kitanda cha kwanza na cha mwisho, na sehemu kubwa ya fedha za kigeni vilibaki Nairobi. Ndiyo maana Tanzania ilijenga uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, ukafunguliwa mwaka 1971, ili mgeni atue moja kwa moja chini ya mlima. Ndege kubwa hazikuja kwa wingi uliotarajiwa. Nairobi iliendelea kuwa mlango, Tanzania ikabaki kuwa chumba cha ndani, na mwenye chumba akachoka.

Wakati huohuo Jumuiya yenyewe ilikuwa ikiugua. Tangu Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na kikao cha marais watatu hakikufanyika tena. Tanzania ilishika Ujamaa, Kenya ikashika njia yake ya soko. Watanzania wakawaita jirani zao manyang'au, watu wa mtu kula mtu. Jibu kutoka Nairobi likawa kwamba heri huko kuliwa kuliko kwenu, ambako hakuna cha kula. Maneno hayo bado yanachekesha vijiweni. Mwaka 1977 hayakuwa ya kuchekesha hata kidogo.

Anayetaka kuufuatilia mwaka huo atanufaika na kitabu alichokitoa mwaka 1989 Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi aliyepewa kazi ya kuzipatanisha nchi tatu kuhusu mali za Jumuiya. Ni kitabu cha mpatanishi, na kinazungumzia zaidi mabehewa, majengo na madeni kuliko watu. Lakini hapo ndipo penye ufunguo, kwa kuwa ugomvi huu, pamoja na siasa zake zote, ulikuwa ugomvi wa mirathi. Nani achukue nini? Makao ya reli yalikuwa Nairobi, ya posta Kampala, ya bandari Dar es Salaam. Makao ya shirika la ndege yalikuwa Nairobi, na ndege zake pia.

Mwishoni mwa Januari 1977 East African Airways, iliyokuwa imezama katika madeni huku kila nchi ikimlaumu mwenzake kwa kutolipa, ikaacha kuruka. Kenya haikukawia, ikaanzisha Kenya Airways. Tanzania ikabaki na viwanja vya ndege visivyo na ndege.

Februari 4 Tanzania ikafunga mpaka.

Siku hiyo magari ya kampuni za Kenya yalikuwa yametapakaa Serengeti na Ngorongoro kama siku nyingine yoyote, yakiwa na watalii waliotoka asubuhi kutafuta simba. Magari yakazuiwa. Ndege ndogo zilizokuwa zimetua upande wa Tanzania nazo zikazuiwa. Wageni walioingia kwa starehe wakajikuta wamekwama katika ugomvi wasioujua chanzo chake, na mizigo yao ikashushwa kutoka kwenye magari ambayo hayangerudi tena Nairobi. Kwa Dar es Salaam, hicho kilikuwa kiasi kidogo cha kufidia ndege zilizobaki Embakasi. Kwa mwenye kampuni ndogo ya Nairobi aliyekuwa na magari matatu na mawili yamebaki Seronera, ulikuwa mwisho wa biashara.

Kesho yake, Februari 5, TANU na ASP zikaungana na Chama Cha Mapinduzi kikazaliwa. Nchi nzima ilikuwa katika shamrashamra, na habari za lango la porini zikamezwa na ngoma. Labda ndiyo sababu Watanzania wengi wanaoikumbuka CCM ikizaliwa hawakumbuki kwamba siku moja kabla walikuwa wamefunga mlango.

Hasara ikafika pande zote mbili, ingawa haikulingana. Malori ya Kenya yaliyokuwa yakipeleka bidhaa Zambia yakakosa njia. Watalii wakabaki Mara, Amboseli na Mombasa, na Kenya ikajifunza kuuza safari zisizo na Tanzania ndani yake. Huku Lobo na Seronera vyumba vikabaki vitupu. Tanzania ilidhani ukifunga mlango wa Nairobi mgeni atapitia Kilimanjaro. Mgeni hakupita. Wenyeji wa mpakani, ambao harusi na misiba yao iko pande zote mbili, waliendelea na njia zao za panya.

Umbricht alihangaika kati ya miji mikuu mitatu kwa miaka, na katikati ya kazi yake Tanzania na Uganda zikapigana vita. Novemba 1983 Nyerere, Daniel arap Moi na Milton Obote wakakutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Mei 1984 mali zikagawanywa rasmi: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka sita na miezi tisa ya kufuli ikaisha.

Ikaisha Namanga, ikaisha Sirari, ikaisha Horohoro. Bologonja haikuguswa. Makubaliano ya utalii ya mwaka 1985 kati ya nchi hizi mbili yalikwenda mbali zaidi: gari la utalii la Kenya lingefikisha wageni katika miji ya Tanzania, si mbugani, na hapo wangehamia gari la Tanzania. Desemba 2014 Kenya iliyakumbuka makubaliano hayo na kuyazuia magari ya Tanzania kuchukua watalii katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 Tanzania ikajibu kwa kupunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Ilibidi Uhuru Kenyatta na Jakaya Kikwete wamalize jambo hilo Windhoek, walikokwenda kushuhudia rais mwingine akiapishwa. Aliyesoma ya 1977 aliijua filamu hiyo.

Mengine ya miaka hii yanajulikana. Aprili 1999 ilizinduliwa pasipoti ya Afrika Mashariki. Mkataba mpya wa Jumuiya ukaanza kazi mwaka 2000. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya watalii, dola 100 kwa siku 90, Tanzania haikuingia. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Namanga kikazinduliwa, na sasa msafiri hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja.

Na hiyo "bila viza" ya Januari 2024? Mahali pa viza Kenya iliweka kibali cha kusafiri cha kielektroniki, kinachoombwa kwenye intaneti kabla ya safari, kwa dola 30. Aliyekuwa akilipa dola 50 alipata nafuu. Mmalawi na Mzambia, ambao hawakuwa wakilipa chochote, walijikuta wanajaza fomu na kutoa pesa ili waingie nchi iliyotangaza kuwa imewafungulia mlango. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 2025 kibali hicho kikaondolewa kwa karibu Waafrika wote, isipokuwa raia wa Libya na Somalia. Ajabu ni kwamba Somalia ilikuwa imekwisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka mmoja kabla.

Hatua hiyo ni njema na inastahili sifa. Lakini Bologonja bado imefungwa, na nusu karne ni muda wa kutosha wa kununa. Tanzania imeeleza mara kadhaa kwamba kufungua Bologonja kutaumiza mazingira ya kaskazini mwa Serengeti, na hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Misururu ya magari pale Mara wakati nyumbu wanavuka mto inaonyesha hatari yake. Basi mawaziri wa utalii wa nchi mbili waketi kabla ya Februari 2027 na waseme wazi. Kama ni mazingira, wataje idadi ya magari ambayo ardhi hiyo inaweza kubeba kwa siku, hata kama ni kumi. Kama ni mapato, wagawane kwa asilimia, kama walivyogawana mabehewa mwaka 1984. Na kama ni hasira za mwaka 1977, basi walioondoka nazo wengi wamekwisha kuzikwa.