Kimeng'enya rekombinanti USP7

USP7 ni kimeng'enya cha binadamu chenye asidi amino 1,102, ambacho kazi yake ni kuiondoa ubikwitini juu ya protini nyingine. Kwa matumizi ya maabara hakitolewi katika mwili wa mtu, bali jeni yake hupandikizwa katika bakteria Escherichia coli au katika seli za wadudu, nazo zikakizalisha kwa wingi. Kinachopatikana kwa njia hiyo huitwa rekombinanti, yaani zao la DNA iliyokatwa na kuungwa upya kwingine. Huuzwa kikiwa kitendanishi cha utafiti, wala mgonjwa hapewi.

Ubikwitini yenyewe ni protini ndogo ya asidi amino 76, ambayo seli huibandika juu ya protini nyingine mithili ya lebo juu ya mzigo, na minyororo ya lebo hizo, ikiwa ya aina fulani, huipeleka protini iliyobandikwa kwenye proteasomu, mtambo wa seli unaokatakata protini zisizohitajika tena. Ugunduzi wa mfumo huo uliwapatia Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004. Binadamu ana takriban vimeng'enya 100 vya kubandua lebo hizo, na USP7 kimechunguzwa kuliko vingi kwa sababu kinaihifadhi MDM2, protini inayosababisha kuharibiwa kwa p53, ambayo ni mlinzi mkubwa wa seli dhidi ya saratani. La kutatanisha ni kwamba kinaweza kuibandua hata p53 yenyewe, hivyo kimesimama pande zote mbili za ugomvi.

Kimeng'enya hiki kilitambuliwa mwaka 1997 huko Glasgow kwa sababu protini moja ya virusi vya malengelenge ilikuwa ikikishika, na mwaka 2003 watafiti wa Toronto wakaonyesha kwamba kinashikwa vilevile na EBNA1, protini ya virusi vya Epstein-Barr. Hapo ndipo habari hii inapoingia Afrika Mashariki. Virusi hivyo vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1964 jijini London, katika seli za uvimbe zilizotoka Uganda, ambako daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt. Katika seli za saratani hiyo virusi hunyamazisha karibu protini zake zote na kubakiza EBNA1, nayo hukaa katika mfuko uleule wa USP7 ambao p53 na MDM2 hutumia, tena ikiushikilia kwa nguvu kuliko p53.

Katika nchi jirani ya Kenya, jiji la Eldoret, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, liko juu ya ukanda wa joto na malaria ambao saratani hiyo huufuata. Mpaka huo wa mwinuko ulibainika zaidi katika safari ya gari aliyoifanya Burkitt mwaka 1961 pamoja na madaktari wawili wenzake, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini. Hata hivyo, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoko Eldoret, hupokea wagonjwa kutoka nyanda za chini za magharibi mwa Kenya, na kwa ushirika wake na Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya Amerika Kaskazini, unaojulikana kama AMPATH, hutoa pia matibabu ya saratani. Tiba ya limfoma ya Burkitt inategemea dawa za kemikali kama siklofosfamidi. Dawa za kukizuia USP7 zingali katika utafiti.

Tukirudi maabara, ili kukisafisha kimeng'enya hiki rekombinanti, watayarishaji hukiongezea kishikio cha histidini kinachonata kwenye nikeli, kisha hukihifadhi katika gliserini kwenye baridi ya nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri, kwa kuwa kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara hukidhoofisha. Utendaji wake hupimwa kwa ubikwitini iliyofungiwa rangi ambayo hung'aa tu inapokatwa, katika mchanganyiko wenye kikinga-oksidi, maana asidi amino inayofanya kazi yenyewe, sisteini ya nafasi ya 223, huharibika upesi ikioksidishwa. Inapobadilishwa sisteini hiyo, kimeng'enya hufa, na kimeng'enya hicho kilichokufa ndicho kipimo linganishi kilicho bora kuliko chupa isiyo na kitu.

Baadhi ya watayarishaji huuza sehemu ya katikati peke yake, kwa kuwa ni rahisi kuzalisha, ilhali sehemu hiyo ni dhaifu mno ikilinganishwa na kimeng'enya kizima, ambacho mkia wake ndio unaokichochea. Kwa sababu hiyo, ripoti isiyotaja kipande kilichotumika haifai kulinganishwa na nyingine.