Kutoka Mombo hadi Bhuj: Mji wa Jangwani Walikotoka Wazee Wetu

Reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, zama za utawala wa Wajerumani, na tangu hapo mji wetu mdogo ukawa mlango wa kupandia Lushoto. Anayesimama stesheni huziona nchi mbili kwa wakati mmoja: upande mmoja milima ya Usambara iliyofunikwa na ukungu, upande wa pili nyika kavu inayoelekea Mkomazi. Mvua hubaki juu milimani, na maji ya bondeni hutujia kwa mito na mifereji. Kwa hiyo mtu aliyekulia Mombo hashangai sana anapoelezwa kwamba wengi wa wazee wa jumuiya yetu katika Afrika Mashariki walitoka katika nchi ambako maji ndiyo habari ya kwanza ya kila asubuhi. Nchi hiyo ni Kutch, magharibi mwa Bara Hindi, na mji wake mkuu wa kale ni Bhuj.

Hekalu linapoadhimisha miaka yake, ni desturi njema kuwataja waliotangulia. Lakini kumtaja mtu bila kujua alikotoka ni nusu ya heshima. Makala haya yanakusudia kuikamilisha nusu ya pili, na kumwandalia njia msomaji atakayejaliwa kwenda kujionea mwenyewe.

Kutch ni kama kisiwa. Kusini kuna bahari, na kaskazini kuna Rann, jangwa la chumvi ambalo hujaa maji wakati wa masika ya huko, kisha hukauka na kubaki jeupe kama karatasi. Nchi isiyo na mvua ya kutegemewa huwafundisha watu wake kutazama baharini. Kwa karne nyingi pepo za kaskazi zilileta majahazi na kotia za Mandvi na Mundra hadi Unguja, Mombasa na Tanga, na pepo za kusi zikazirudisha. Zilikuja na nguo za pamba na nafaka, zikaondoka na pembe za ndovu na karafuu. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa ukoo uliotoka Mundra, ilishika ushuru wa forodha wa Sultani wa Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Haifai, hata hivyo, kuisimulia biashara hiyo kana kwamba ilikuwa safi yote. Wanadamu nao waliuzwa na kusafirishwa katika bahari hiyo hiyo, hadi Rao Deshalji II, mtawala wa Kutch, akapiga marufuku kuwaingiza watumwa katika bandari zake. Sherehe ya hekalu ni mahali pa kusema kweli, na hiyo nayo ni sehemu ya kweli.

Rao Khengarji I aliifanya Bhuj kuwa mji wake mkuu mwaka 1549. Mji umekaa chini ya kilima cha Bhujia, chenye ngome iliyoanza kujengwa karne ya 18. Ndani yake mgeni huanzia Aina Mahal, yaani Kasri la Vioo, lililojengwa katikati ya karne hiyo kwa amri ya Rao Lakhpatji. Fundi wake, Ramsinh Malam, anatuhusu kwa karibu. Inasimuliwa kwamba chombo chake kilivunjika karibu na pwani ya Afrika, akaokolewa na meli ya Kiholanzi na kupelekwa Ulaya, ambako alijifunza kutengeneza vioo, vigae na saa. Jina lake la heshima, malam, lina asili moja na neno letu mwalimu. Baharini aliitwa hivyo mtu aliyejua njia. Kando yake husimama Prag Mahal, lililoanza kujengwa mwaka 1865 kwa mtindo wa Kiulaya, na mnara wake wa saa huonekana kutoka mbali.

Hata hivyo, moyo wa Bhuj ni ziwa la Hamirsar, lililochimbwa ili kuyakusanya maji ya mvua kwa ajili ya mji. Katika mwaka wa ukame hubaki tope na vidimbwi. Katika mwaka wa neema ziwa hujaa hadi kufurika, na siku hiyo ofisi na shule hufungwa, maji hufanyiwa ibada, na watu hugawiana peremende za ladu. Hakuna mji mwingine ninaoujua ambao hutangaza sikukuu kwa sababu bwawa limejaa. Mkulima wa mpunga wa Mombo anayengoja zamu yake ya maji mferejini angeielewa sikukuu hiyo bila mkalimani.

Asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001 ardhi ya Kutch ilitikisika. Maelfu kwa maelfu walifariki, vijiji vikalala chini, na sehemu kubwa ya Bhuj ya kale ikawa vifusi. Hekalu la Swaminarayan la Bhuj, la tangu mwanzo wa karne ya 19, liliharibika vibaya. Michango ilitoka India, Uingereza na Afrika Mashariki, na mwaka 2010 hekalu jipya la marumaru lilifunguliwa. Juu ya Bhujia sasa kuna Smritivan, msitu wa kumbukumbu uliofunguliwa mwaka 2022, ambako majina ya marehemu yameandikwa kwenye kuta za mabwawa madogo yanayozuia maji ya mvua. Waliojenga ukumbusho huo waliijua nchi yao: waliwakabidhi wafu wao kazi ya kuwatunzia maji walio hai.

Nje ya mji kuna mengi. Mandvi iko kama kilomita 60 kusini, na huko mafundi wangali wanaunda majahazi ya mbao kando ya mto Rukmavati. Kaskazini magharibi kuna Mata no Madh, hekalu la Ashapura, mama atimizaye matumaini, ambako mahujaji huenda kwa miguu kabla ya Navratri. Kaskazini kuna Rann yenyewe, na Kala Dungar, kilima kirefu kuliko vyote Kutch, chenye hekalu la Dattatreya ambalo makuhani wake huwapelekea mbweha chakula kilichobarikiwa. Mbali zaidi, katikati ya chumvi, kuna Dholavira, mji wa zaidi ya miaka 4,000 uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa urithi wa dunia. Mabwawa yake makubwa, mengine yamechongwa katika mwamba, yaonyesha kwamba hekima ya Hamirsar si ya jana.

Tena, asiondoke mgeni bila kuwauliza Wasidi, watu wa Kutch na Gujarat wenye asili ya Afrika. Wengine babu zao walifika wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari. Ngoma yao huitwa goma. Msikilizaji kutoka Mombo hahitaji kamusi.

Karibu na Bhuj kuna kijiji cha Madhapar, ambacho watoto wake wengi wako Afrika Mashariki na Uingereza. Mnamo Desemba 1971, wakati wa vita, wanawake wapatao 300 wa kijiji hicho waliukarabati uwanja wa ndege wa Bhuj uliopigwa mabomu, wakaumaliza kwa saa 72. Mwaka huo huo, huku kwetu, majengo ya kupangisha yalitaifishwa, na familia nyingi za jumuiya yetu zikahama Tanzania. Waliobaki walibaki na funguo za hekalu na jukumu la kuwasha taa. Wazee waliokumbuka majina ya vijiji wanapungua kila mwaka, na tetemeko lilibomoa nyumba nyingi ambazo majina hayo yaliziita.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usafiri kati ya Novemba na Februari, wakati hewa ni ya baridi na Rann imekauka. Lakini kabla ya kukata tiketi, keti na mzee wa nyumbani kwako. Mwulize jina la kijiji, jina la bandari, jina la chombo kama analikumbuka, na aliyempokea alipofika. Andika majibu yake, nakala moja uiweke hekaluni. Jengo likianguka hujengwa upya kwa michango. Jina likisahauliwa halina mchango wa kulirudisha.

Mola alijalie hekalu letu miaka mingine mingi, na Hamirsar lifurike.