Mkato Uliosahauliwa Bettis

Itakapofika Aprili 2027 itatimia miaka 70 tangu kompaila ya FORTRAN, lugha ya programu iliyobuniwa na John Backus na wenzake katika kampuni ya IBM, ilipotoka mikononi mwa walioitunga ikaanza kutumiwa na watu wengine. Na kwa kuwa ukumbusho wa namna hii aghalabu hujaa sifa za kasi na za hesabu kubwa, nimeona ni wajibu kutaja jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba neno la kwanza ambalo kompaila ile ililitamka mbele ya watu wa maabara ya Bettis, Marekani, lilikuwa habari ya kosa, na habari yenyewe ilikuwa bayana.

Kompaila, kwa msomaji asiyeijua kazi hii, ni programu inayosoma maandishi ya mtungaji na kuyageuza yawe amri za mashine; na kabla ya kuyageuza haina budi iyachanganue, neno kwa neno na alama kwa alama, ione kama yamefuata sarufi ya lugha yake. Yasipofuata, huyakataa. Lililowashughulisha watu wa fani hii tangu mwanzo ni namna ya kukataa, kwa maana kompaila isemayo tu kwamba pana kosa, isitaje ni kosa gani wala liko wapi, ni sawa na kadhi amtiaye mtu hatiani bila ya kumsomea mashtaka.

Kisa chenyewe tunakipata kwa Herbert Bright, aliyekuwa msimamizi wa kazi za kompyuta katika maabara ya Bettis ya kampuni ya Westinghouse, karibu na Pittsburgh, Marekani, mahali palipokuwa pakisanifiwa vinu vya nyuklia vya nyambizi. Naye alikiandika mwaka 1971. Asimulia kwamba alasiri moja ya Ijumaa, Aprili 1957, liliwasili kasha la kadi za kutobolewa zipatazo 2,000, lisilo na jina wala karatasi ya maelezo. Watu wa Bettis walikuwa wakiingoja FORTRAN, ambayo ilikuwa imechelewa sana, na Bright akakisia kwamba huenda ndiyo hiyo imefika. Basi, minghairi ya mwongozo wowote wa kuiendesha, wakazitia kadi zile katika mashine yao, IBM 704, wakafuatisha programu ndogo ya majaribio waliyoiandika wenyewe, kisha wakasubiri, wasijue kama watapata majibu, au takataka, au kimya kitupu.

Wakapata ujumbe mmoja. Ulisema kwamba katika kauli ya GO TO, ile ya namna inayochagua njia moja miongoni mwa kadhaa, bano la kufungia halikufuatwa na mkato. Wakaitazama kadi, wakakuta ni kweli: pale ambapo sarufi yataka mtu aandike, kwa mfano, GO TO (10, 20, 30), K, mkato ule baada ya bano ulikuwa umesahauliwa. Wakatoboa kadi moja upya, wakairudisha mahali pake, na mara hii mashine ikachapa kurasa 28 za majibu.

Tuutazame ujumbe ule kwa makini, kwani umekusanya mambo matatu ambayo kompaila nyingi za baadaye zilishindwa kuyaweka pamoja: umetaja ni kauli ya aina gani, umeonyesha ni mahali gani ndani ya kauli, na umesema ni kitu gani kimekosekana. Haikuwa bahati. Wenzake Backus waliishughulikia kila aina ya kauli peke yake, kwa mkono, hata sehemu iliyokuwa ikisoma GO TO ilijua yakini kwamba inasoma GO TO na kwamba baada ya bano lile shurti uje mkato. Na ajuaye anachokingoja hupata la kusema kisipokuja.

Miaka iliyofuata, walioishika amana hii kwa nguvu zaidi walikuwa watu wa vyuo vikuu. Kule Waterloo, Kanada, wanafunzi walitunga WATFOR mwaka 1965, kompaila ya FORTRAN iliyosifika kwa upesi na kwa ubora wa taarifa zake za makosa. Lakini mzozo mkubwa ulizaliwa na kazi ya chuo kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, ambako Richard Conway alikuwa amekwisha kuanza na lugha iitwayo CORC mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambako yeye na Thomas Wilcox walitoa maelezo ya kompaila yao ya PL/C mwaka 1973. Siku zile mwanafunzi hakuwa na kioo mbele yake: alikabidhi bunda la kadi, akaenda zake, akarudi baada ya saa kadhaa kupokea karatasi zilizochapwa, na kama alisahau mkato mmoja, muda ule wote ulikuwa umepotea bure. Conway akaona kwamba huo ni udhalimu, akaazimia kompaila yake isiikatae programu hata moja. Ilipokuta kosa ililitengeneza kwa kukisia, ikachapa chini ya mstari uleule namna ilivyoufahamu, kisha ikaiendesha programu hata mwisho, ili mwanafunzi ajifunze mambo mengi kwa safari moja.

Wako ambao hawakuridhika na njia hii, na hoja yao haikuwa ya kubeza. Walisema kwamba programu iliyotengenezwa na kompaila si programu ya mwanafunzi tena. Kwamba kisio likikosea, makosa ya uongo hufuatana mstari baada ya mstari hata kosa la kweli lisionekane. Na kwamba kijana aliyezoea kusahihishwa hazoei kuangalia. James Horning, katika insha yake ya mwaka 1974 juu ya yale ambayo kompaila yapasa kumwambia mtumiaji, alisisitiza kwamba ujumbe uelekezwe kwa mtungaji, uonyeshe mahali katika maandishi yake mwenyewe, na uwe na adabu. Nami naona Conway alistahili heshima kwa jambo moja ambalo wapinzani wake hawakulipa uzito wake, nalo ni kwamba kisio lake hakulificha: aliliandika wazi, mtu alione na alikatae. Vioo vilipokuja na jibu likapatikana kwa dakika, sababu ya kukisia ilidhoofika, na PL/C ikapita pamoja na kadi zake.

Kilichoharibu mambo ni kitu chenye manufaa makubwa. Stephen Johnson wa Bell Labs alieneza Yacc, ambayo maelezo yake yalitolewa mwaka 1975, programu inayopokea sarufi na kukutungia kichanganuzi, hata kazi ya miezi ikawa ya siku chache. Lakini kichanganuzi cha namna hii hutembea juu ya majedwali ya namba. Hujua tu kwamba alama iliyofuata hairuhusiwi pale, na mtungaji wake asipojitaabisha kuongeza maelezo, husema maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kosa la sintaksia, basi. Ule mkato wa Bettis, ulioelezwa kikamilifu mwaka 1957, katika kompaila nyingi za vizazi viwili vilivyofuata ungepokewa kwa maneno hayo mawili.

Ahueni ilikuja polepole. Turbo Pascal, mwaka 1983, ilisimama kwenye kosa la kwanza na kumpeleka mtu mahali penyewe. Clang, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2007, ilichora alama chini ya herufi yenye kasoro. Kompaila za lugha za Elm mwaka 2015 na Rust mwaka 2016 zikaanza kuzungumza na mtungaji kwa sentensi kamili.

Lugha ya Python ilichelewa, nami nayajua machungu yake kwa macho yangu, kwani nimepata kumwona kijana wa mwaka wa kwanza akikaa tangu alasiri hata magharibi akiukagua mstari wa tatu, aliosomewa kosa na mashine, ilhali mstari ule ulikuwa mzima kabisa, na bano lililoachwa wazi liko mstari wa kwanza. Toleo la 3.9 la mwaka 2020 lilileta kichanganuzi kipya, na toleo la 3.10, la Oktoba 2021, likakitumia kichanganuzi hicho: programu ikikataliwa, husomwa mara ya pili kwa kanuni zilizoandikwa makusudi kutambua makosa ambayo watu huyafanya kwa kawaida, na mabano yaliyofunguliwa huwekewa kumbukumbu, hata kompaila iweze kulitaja bano lenyewe na mstari wake na kusema kwamba halikufungwa. Ni ile insafu ya Bettis, imerudi baada ya miaka 64.

Imerudi, lakini kwa Kiingereza. Kijana wetu wa Tanga au Kisumu husomewa kosa lake kwa lugha anayoihangaikia sambamba na ile ya programu, na mara nyingi hashindwi na mantiki, hushindwa na ujumbe. Tumekwisha kuwa na menyu za kompyuta kwa Kiswahili. Jumbe za makosa, ambazo ndizo mwanafunzi azisomazo anapokuwa hana mwalimu kando yake, hatujazishughulikia ipasavyo. Nawasihi walimu wa kompyuta na wenzao wa idara za Kiswahili wakae meza moja na kuzitafsiri, waanze na hizi za sintaksia, ambazo mwanafunzi hukutana nazo mwanzo. Ule ujumbe wa bano la Python, kwa Kiingereza ni maneno matatu. Kwa Kiswahili unatosha kwa mawili: halikufungwa kamwe.