Rada na Data za Ala Nyingine Melini: Tukio la Royal Majesty, 1995

Kwa miongo kadhaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, rada ya meli ya biashara kwa kiasi kikubwa ilifanya kazi peke yake. Afisa wa zamu alisoma kwenye kioo hasa kile ambacho antena yake imekiona. Hali hiyo ilibadilika baada ya mwaka 1983, chama cha Marekani cha elektroniki za baharini, NMEA, kilipotoa kiwango cha NMEA 0183. Chini ya kiwango hicho ala moja husema na nyingine husikiliza, kwa sentensi fupi zipitazo kwenye waya kwa kasi ya biti 4,800 kwa sekunde. Ala za watengenezaji mbalimbali zikaelewana. Rada ikaweza kupokea mahali pa meli kutoka kwa kipokezi cha setilaiti na kuchora njia na maboya juu ya mwangwi wake.

Hata hivyo, kiwango humwelekeza msemaji namna ya kusema. Hakihakikishi kwamba msikilizaji atazingatia yote aliyoambiwa. Pengo hilo lilijitokeza katika safari ya Royal Majesty, iliyoondoka Bermuda kuelekea Boston tarehe 9 Juni 1995 ikiwa na watu 1,509. Saa moja hivi baadaye, kebo ya antena ya GPS ilichomoka. Kipokezi kikaanza kukadiria mahali kwa kutumia kasi na uelekeo peke yake, bila kuhesabu upepo wala mkondo. Katika data zake kilieleza kwamba mahali hapo si halali. Mfumo wa usukani wa kujiendesha, uliokuwa ukilisha pia ramani ya rada, haukupangwa kuitambua alama hiyo.

Jioni ya pili, afisa mkuu aliona kwenye rada kitu kilicholingana kabisa na boya alilolitarajia. Mwangwi ulikuwa wa kweli. Ramani iliyouzunguka ndiyo iliyokuwa ya uongo. Lilikuwa boya jingine, lililowekwa kuashiria mabaki ya meli ya mafuta Argo Merchant, takribani maili 15 mbali na lile la kwanza. Hapo ndipo uzito wa kisa hiki ulipo: bila ramani ile, mwangwi huo ungebaki swali. Saa 4:25 usiku meli ilipanda fungu karibu na kisiwa cha Nantucket, maili 17 nje ya njia yake. Hakuna aliyefariki.

Ripoti ya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1997, ilitaja maafisa kutegemea mno mitambo, upungufu wa mafunzo, na kasoro za usanifu wa mfumo wenyewe. Wasimuliaji wengi wa kisa hiki hukomea kwa maafisa, jambo ambalo si haki. Lakini darajani palikuwa na kipokezi cha Loran-C, chanzo huru cha mahali, ambacho hakikutumiwa ipasavyo kulinganisha. Nayo kengele ya kipima kina ilikuwa imewekwa kwenye mita 0.