Simu bila Google: barua ya 2009 na mpaka unaosogezwa

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia 2026, nchi baada ya nchi, simu za Android zenye kibali chake zitakataa programu yoyote ambayo mtengenezaji wake hajajisajili kwake kwa jina halisi, hata kama haikupakuliwa kutoka duka lake. F-Droid, ghala la programu huria lililoanzishwa 2010, lilipinga vikali, na baada ya malalamiko kampuni ikasema itawaachia watumiaji wenye ujuzi njia ya kupakia programu za aina hiyo. Mvutano huu una zaidi ya miaka 15, na chimbuko lake ni barua ya mwanasheria.

Google iliinunua kampuni ya Android 2005, na simu ya kwanza ya mfumo huo, HTC Dream, ikaingia sokoni 2008. Msimbo wake ulitolewa huria: yeyote aliruhusiwa kuuchukua na kuubadili. Mmarekani Steve Kondik aliutumia uhuru huo kutengeneza CyanogenMod, mfumo ambao wenye simu waliupakia wenyewe badala ya ule uliokuja kiwandani. Ndani yake aliweka pia Gmail, YouTube, ramani na soko la programu. Septemba 2009 Google ilimwandikia ikimtaka aache kuzisambaza. Watumiaji walipokasirika, Dan Morrill wa Google alifafanua kwamba mfumo ni wa wote, lakini programu hizo ni mali ya kampuni na hutolewa kwa leseni. Kondik hakwenda mahakamani. Aliziondoa, akaweka utaratibu mpya: mwenye simu anakili kwanza programu za Google zilizokuja na simu yake, anapakia CyanogenMod tupu, kisha anazirudisha. Hapo ndipo jambo kubwa lilipodhihirika. Aliyeamua kutozirudisha alibaki na simu inayopiga, inayotuma ujumbe na kufungua tovuti. Barua iliyokusudiwa kulinda mali ya kampuni ilionyesha kwamba simu inaweza kuishi bila kampuni hiyo.

Tangu hapo mpaka kati ya mfumo huria na programu za Google umekuwa ukisogezwa. Kuanzia 2012, kupitia Huduma za Google Play, kazi kama kutambua mahali simu ilipo zilihamia kidogo kidogo upande uliofungwa, ndiyo maana mtengenezaji programu Marvin Wissfeld akaanzisha microG, mbadala huria, kuziba pengo. CyanogenMod ilifungwa mwishoni mwa 2016, LineageOS ikairithi. Mifumo mingine ya aina hiyo, GrapheneOS na /e/OS, ikafuata. Hofu ya wanaotumia mifumo hii, kwamba Google inawafuatilia, ina msingi. Mwaka 2017 Google ilikiri kwamba simu za Android zilikuwa zikiipelekea taarifa za minara ya simu iliyo karibu hata mwenye simu alipozima huduma ya mahali, na 2022 ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kumaliza shauri kuhusu ufuatiliaji wa mahali.

Watetezi wa masharti mapya ya usajili wanasema yatawazuia matapeli wanaoiba fedha kwa programu bandia. Hatari hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, programu hasidi zimewahi kupenya mara nyingi hata ndani ya duka la Google lenyewe. F-Droid hukagua programu yenyewe, si jina la mtengenezaji: huiandaa kutoka kwenye msimbo ulio wazi, ambao yeyote anaweza kuusoma. Hoja ya pili ni kwamba programu nyingine za benki hugoma kwenye simu zilizobadilishwa. Ni kweli, ila huo ni uamuzi wa waliozibuni. M-Pesa ilianza Kenya 2007, kabla simu yoyote ya Android haijauzwa, na hadi leo fedha hutumwa kwa menyu ya laini bila huduma yoyote ya Google.

Aliyenunua simu kwa fedha zake ana haki ya kuamua ni programu gani zikae ndani yake na taarifa zake ziende wapi. Benki zetu na mamlaka zetu za mawasiliano ziilinde haki hiyo: huduma ya lazima kwa raia isifungwe kwenye akaunti ya kampuni moja ya kigeni.