Wawili wa Mwisho! Vile Maneno Hukuingiza Box Ukiwa Macho

Umefika steji saa moja jioni, mvua inakuja. Makanga anapiga nduru: "Wawili wa mwisho! Wawili, gari inatoka!" Unaruka ndani, kumbe nusu ya viti ni tupu, na wale wasee wawili ulipata wamekaa kama abiria wanashuka polepole wakajaze gari ya nyuma. Hapo umechezewa mbinu mbili kwa dakika moja. Ya kwanza ni uhaba: kitu ikikaa inaisha, unaacha kufikiria. Ya pili ni umati: watu wakiwa ndani, unaona mambo iko sawa.

Hizi vitu zingine ulizisoma shule, ni vile tu ulizisomea mtihani. Takriri, chuku, sitiari, tasfida, swali la balagha, si unakumbuka? Na kitambo sana, miaka zaidi ya 2,300 imepita, Mgiriki Aristotle aliandika kwamba msemaji hukushika kwa njia tatu: vile unamwona yeye, vile anakufanya uhisi, na hoja yenye amebeba. Makanga hana hoja. Ako na mvua.

Wanasiasa wetu ndio maprofesa wa hii kitu. Tarehe 14 Oktoba 2002, Uhuru Park, Raila Odinga alisema maneno mawili: "Kibaki Tosha." Bila hesabu, bila maelezo. Ufupi ndio ilikuwa mbinu, juu kitu fupi inaimbika, na kitu inaimbika watu huibeba hadi mtaani. Sisemi ni maneno mawili yalishinda uchaguzi, upinzani ulikuwa umeungana. Lakini hadi leo mtu akitaka kuidhinisha mwingine bado anaazima hiyo "tosha".

Huyo huyo Raila alikuwa na ile ya "Kitendawili!" na umati unarudisha "Tega!" Ukishamjibu mtu kwa sauti, ushasonga upande wake kidogo. Mapasta wanaijua hiyo vizuri, madiijei pia.

Halafu ikakuja 2022 na wilibaro ya UDA. Hiyo ni sitiari safi, chombo ya mtu wa mjengo inasimama badala ya maisha yako yote. Slogan ilikuwa "Kazi ni Kazi", takriri hiyo. Lakini mbinu kali zaidi ilikuwa neno hasla, juu lilikata nchi mara mbili: mahasla huku, watoto wa wakubwa kule. Ukipewa pande mbili tu, na moja hakuna mtu anataka kuonekana nayo, ushachaguliwa tayari. Haimaanishi kila kitu ilisemwa ni uongo. Inamaanisha hukuulizwa kama kuna pande ya tatu.

Mimi sikuingizwa box na mwanasiasa. Niliacha chuo bila cheti, na baada ya miezi mingi ya kutuma CV kila mahali, meseji ikaingia: "Hongera! Umechaguliwa." Ofisi ilikuwa tao, gorofa ya tatu. Ndani viti zimejaa vijana wamevaa smati, na ubaoni wameandika nafasi zimebaki nne. Jamaa wa suti akanitazama: "Uko tayari kubadilisha maisha yako, ama utabaki vile uko?" Hilo ni swali la balagha, jibu limekaa ndani yake. Nani atasema anataka kubaki? Kisha akataja "ada ya usajili", thao tatu. Hiyo ni tasfida. Angesema "nipe pesa kwanza" ningeshtuka, lakini "ada" imekaa ki-ofisi. Ni ujanja ule ule wa mkopo wa simu kuita riba "ada ya huduma".

Nilituma. Wiki iliyofuata mlango ulikuwa na kufuli, na wawili kati ya wale vijana wa viti walikuwa hapo nje na mimi, wakipiga namba haishiki.

Siku hizi meseji tamu ikiingia, naiandika upya kwa lugha ya kawaida. Natoa sifa, natoa maswali, natoa "kabla ya saa sita usiku". Ile ya Jumanne ilikuwa na mistari saba. Nikimaliza kuisafisha ilikuwa imebaki na maneno mawili: tuma pesa.