Taa za Roma na Nyota za Papa



Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alikianzisha upya Kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota, ili watu wote waone kwamba Kanisa haliiogopi sayansi ya kweli. Lakini jiji la Roma liliendelea kuwasha taa, hata nyota hafifu zikapotea machoni pa wachunguzi. Papa Pio XI akakihamishia kituo Castel Gandolfo, kilometa 25 hivi kutoka Roma, chini ya Wajesuiti. Kikafunguliwa mwaka 1935. Mwanga wa jiji ukawafuata hata huko. Mwaka 1981 watafiti wakaanzisha makazi mapya Tucson, Arizona, na mwaka 1993 darubini yao ikazinduliwa juu ya Mlima Graham.

Hukohuko Arizona, mji wa Flagstaff ulitunga sheria tangu mwaka 1958 kuzuia taa za matangazo zilizomulika angani. Mji huo haukuzima taa zake zote; uliamua tu mwanga uende wapi.

Ndugu zangu, atazamaye nyota uani kwake hana mlima wa kukimbilia. Ajikinge nyuma ya ukuta, ayape macho nusu saa yazoee giza. Sehemu iliyobaki ni yetu majirani: taa ya mlangoni ifunikwe juu, imulike chini. Mpita njia atapata usalama wake, naye mtoto wa jirani atazihesabu nyota za Muumba.